Siku Moja Maishani Mwangu: Kuzuia Kifua Kikuu Kwenye Malazi ya Wasio na Makazi

Saa 11 alfajiri. Makohozi ya kupimwa lazima yapatikane kabla watu hawajatawanyika mitaani. Ya alfajiri ndiyo bora, kwa kuwa yamekusanyika mapafuni usiku kucha. Anayekohoa nampeleka nje penye hewa, si chooni. Anasukutua kwa maji, anavuta pumzi ndefu mara mbili, kisha anakohoa kutoka kifuani. Nataka mililita 3 hadi 5, mazito. Akitema mate tu, majibu yanaweza kuonyesha hana ugonjwa ilhali anao, na usiku anarudi kulala katikati ya wenzake. Jina naliandika kwenye kikopo chenyewe, kwani mifuniko huchanganyika.

Saa 1 asubuhi. Dawa zinamezwa mbele yangu, tumbo likiwa tupu ikiwezekana. Tiba ya kawaida ni dawa nne kwa miezi 2, kisha rifampisini na isoniazidi kwa miezi 4. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa. Asiyeambiwa mapema hudhani ni damu, akaacha. Mlevi au asiyekula vizuri anahitaji pia vitamini B6, la sivyo isoniazidi humletea ganzi na miguu kuwaka moto. Akitapika sana, macho yakiwa manjano, dozi inasimama na anaonwa na daktari siku hiyo hiyo.

Lililo gumu zaidi ni methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha heroini. Rifampisini huiondoa mwilini haraka, mtu anashikwa na arosto (mateso ya kukosa dawa mwilini), anailaumu dawa ya kifua kikuu na kutoweka. Kliniki ya methadoni ijulishwe kabla ya kidonge cha kwanza.

Saa 4. Majibu. Mashine ya GeneXpert, inayopima makohozi, huchukua chini ya saa 2 na huonyesha pia usugu wa rifampisini, yaani vijidudu visivyouawa na dawa hiyo. Akipatikana mgonjwa, nafungua daftari la vitanda: tarehe, namba ya kitanda, jina na jina la utani. La utani ndilo muhimu. La kwenye kitambulisho mara nyingi hakuna mwenzake anayelijua. Bila daftari hili hatuwezi kujua nani alilala karibu naye.

Wale waliolala karibu wanapimwa. Wasio na ugonjwa wanaweza kupewa dawa za kinga, rifapentini na isoniazidi, mara moja kwa wiki, dozi 12. Mtu anayehamahama humaliza hizi kwa urahisi kuliko vidonge vya kila siku. Ila ugonjwa uondolewe shaka kwanza: kumpa mgonjwa dawa pungufu ni kukaribisha usugu.

Saa 8 mchana. Madirisha ya pande mbili yafunguliwe, feni isukume hewa nje badala ya kuizungusha ndani. Baridi ikizidi watu huyafunga, kwa hiyo natafuta blanketi za ziada badala ya kubishana. Vitanda viachane mita 1 au zaidi, kichwa cha mmoja kwenye miguu ya mwenzake. Kuchemsha sahani hakuzuii ugonjwa huu. Unaenea kwa hewa.

Saa 12 jioni. Mlangoni nauliza: kikohozi cha wiki 2, homa, jasho la usiku, kupungua uzito? Wengi hawana mizani, basi nauliza kama suruali imelegea. Anayekohoa anapewa barakoa na chumba cha peke yake. Mimi navaa N95, barakoa inayobana uso na kuchuja hewa, na ndevu haziruhusiwi kwa sababu hupitisha hewa pembeni. Kamwe asifukuzwe, maana atakayesikia habari hiyo ataficha kikohozi chake.