Siku Moja Chini ya Sitaha, Kilindini, Julai 1942

Saa tisa usiku

Sarahangi, msimamizi wetu, alikuja kuniamsha akanikuta nimeshavaa. Fayamani, mchochea moto wa meli, halali kama watu wengine, sikio moja analiacha kwenye boila. Moto tuliufukia jana jioni chini ya makaa mabichi na majivu, ukapumua polepole usiku kucha. Kazi ya kwanza ni kuufukua.

Nilikuwa katika jeshi la akiba la wanamaji wa Kenya, lile lililoundwa mwaka 1933. Ukisema manowari watu hufikiria Warspite, ile meli kubwa ya vita ya Waingereza iliyokuwa imetia nanga hapo hapo bandarini, mizinga yake minene kama minazi. Yetu ilikuwa meli ndogo ya mvuke iliyojengwa kwa ajili ya kuwinda nyangumi, vita vikaigeuza kuwa ya kufagia mabomu ya majini. Ilipokumbana na kusi ilitikisika kama ungo wa mchele.

Saa kumi na nusu alfajiri

Mzee wa Kingazija niliyeshika naye zamu alinifunza jambo moja mapema: makaa hayamwagwi, hutandazwa. Unafungua mlango wa tanuri, unatupa beleshi moja kushoto, moja kulia, moja nyuma kabisa, unafunga upesi hewa baridi isiingie. Kisha unachukua chuma kirefu na kuvunja yale mabonge yaliyoyeyuka na kuganda juu ya vyuma vya tanuri. Sisi tukiyaita mavi ya chuma. Usipoyatoa moto hukosa pumzi, geji ya nguvu ya mvuke ikaanza kushuka, na injinia akaanza kutaja mama yako.

Geji yetu ilitakiwa ikae ratili 180 kwa inchi ya mraba. Kioo cha maji ya boila nacho hukitoi machoni. Maji yakipungua, mabomba yanaungua. Yakizidi, yanapanda na mvuke mpaka kwenye silinda na kuivunja.

Saa kumi na mbili

Kengele ya telegrafu, chombo cha kutuletea amri kutoka juu, ililia, tukang'oa nanga. Lazima tupite mlango wa bandari kabla meli kubwa hazijatoka, ndiyo maana ya ufagiaji. Ukipita nje ya wavu wa kulinda bandari unajua bila kuambiwa na mtu: kusi linakukamata ubavuni, makaa yanakimbilia upande mmoja, na beleshi linakosa mlango. Mwezi Julai mawimbi huja marefu kutoka kusini-mashariki. Kijana mmoja kutoka Nyanza, mzoefu wa ziwa, alitapika ndani ya ndoo ya majivu kisha akaendelea kupiga beleshi. Nilimheshimu tangu siku ile.

Juu walishusha waya wa kufagia. Unakokotwa nyuma ya meli, boya likiuweka mbali ubavuni, na una makali ya kukata mnyororo unaoshikilia bomu chini. Bomu likielea, hupigwa risasi kwa mbali. Hayo nayajua kwa kusimuliwa. Mimi nilichojua ni mtambo kuwa mzito ghafla, kama punda aliyeongezewa gunia.

Saa mbili na robo

Hapa ndipo siku ilipotaka kuharibika.

Mtambo wetu ulikuwa wa silinda tatu. Mvuke hufanya kazi kwenye ile ndogo, ukahamia ya kati, ukamalizia kubwa kabla ya kurudishwa kuwa maji. Chini yake krenki, mikono ya chuma ya kuzungushia mhimili, zinazunguka wazi, na kila nusu saa ni lazima upapase beringi kwa mkono, mtambo ukiwa unakwenda. Unasimama, unaisoma midundo kama mpiga ngoma anayengoja zamu yake. Krenki inapopanda, mkono unaingia, vidole vinagusa kidogo tu, vinatoka kabla haijashuka. Ukichelewa mdundo mmoja, mkono si wako tena.

Ile ya silinda kubwa ilinichoma. Si joto la kawaida, joto la chuma kinachotafuta kuyeyuka. Nikapiga kelele, "Bwana Chifu! Ya tatu inaungua!"

Kusimama haikuwezekana. Meli ikisimama waya unazama, unanasa kwenye matumbawe, na nyuma yetu kuna msafara unangoja. Chifu, yaani injinia mkuu, alipunguza mizunguko kadiri daraja, pale juu anaposimama nahodha, lilivyoruhusu, akanipa mpira wa maji niimwagie ile beringi, huku Mzee akidondosha oili nzito ya silinda kwa kopo, tone kwa tone, kila krenki ilipopita. Mvuke ukatujaa usoni. Tulikaa hivyo dakika arubaini hivi, bila kusemezana.

Katikati ya hayo sauti ikatoka kwenye bomba la daraja: "Moshi! Mnatoa moshi mweusi!" Kijana wa Nyanza, aliyebaki na tanuri zote peke yake, alikuwa amejaza makaa mengi kwa mkupuo. Kwa kweli daraja lilikuwa na haki. Tangu mwanzo wa Juni nyambizi za Kijapani zilikuwa zikizamisha meli kwenye mlango wa Msumbiji, na moshi huonekana mbali kuliko mlingoti.

Saa saba mchana

Waya uliinuliwa mtupu, kama jana na kama juzi. Beringi ilipoa. Tukala wali na papa mkavu juu ya sitaha, nikashangaa jua lilivyokuwa kali, maana nilikuwa sijaliona.

Saa kumi jioni

Kutoa majivu, kufukia moto, kufungua beringi. Metali laini ya ndani ilikuwa imechunika upande mmoja. Chifu aliikwangua mwenyewe, taratibu, akiipima kwa rangi, mpaka giza likaingia.

Saa moja usiku

Ilikuwa zamu yangu ya kulala nyumbani, nikavuka kwa feri ya Likoni. Mji mzima giza, taa zimekatazwa. Mama alinipaka mafuta ya nazi kwenye vidole.

"Haya mwanangu, mmeona nini huko baharini leo?"

"Sikuona kitu mama. Nilikuwa chini."

"Hata manowari za Wajapani?"

"Hata bahari yenyewe."

Alicheka, akasema mtoto wa jirani anayeuza samaki ana habari za vita nyingi kuliko mimi. Kisha akanisogezea bakuli la uji, akaenda kuziba ufa wa dirisha kwa kanga ili mwanga wa koroboi usitoke nje.