Lori langu lililolala friza na samaki

"Weka asetoni, mzee. Gundi yote inaachia."

Aliyenipa ushauri huo ni kijana wa duka la vipodozi Kariakoo, na kwa kucha za bandia huenda hakosei. Mimi nilikuwa na lori la plastiki la kuunga mwenyewe, nikitaka kulifumua.

Ni Scania ya Italeri, kampuni ya Italia ya magari madogo ya kuunga, kichwa kitupu bila tela, kipimo cha 1 kwa 24, yaani kichwa cha mita sita kinakuja kama sentimita 25 mezani. Shemeji yangu baharia ndiye aliyeniletea, vipande vyote vikiwa ndani ya boksi. Nikaliunga kwa pupa, gundi ya plastiki ikaniishia katikati, nikamalizia na supagluu ya kwa Mangi. Kisha, Mungu anisamehe, nikalipaka rangi ya mafuta nyekundu, ile ya kupakia madirisha, kwa brashi. Mistari ya milango ikafukiwa kabisa. Mwanangu alikuwa akiliita gari la zimamoto na sikumsahihisha.

Mwaka huu nikaamua liwe bluu, na safari hii nilipulizie kipande kimoja kimoja. Kwa hiyo lazima lifumuliwe.

Asetoni niliianzia juu ya kabini, kwenye kile kibawa cha kukata upepo. Nikachovya pamba, nikasugua kiungo, nikasubiri. Nilipoivuta ile pamba, ikagoma. Nikavuta kwa nguvu, nyuzi zikabaki, kibawa kikaota ndevu. Nikakishika kukinyoosha, kidole kikazama. Alama ya dole gumba langu ipo pale mpaka leo, safi kuliko ile niliyosajilia laini ya simu. Asetoni inayeyusha supagluu, ni kweli, ila plastiki hizi ni polistirini na inazila vilevile. Inaanza na lori, gundi baadaye.

Nikakaa nalo wiki nzima bila hamu ya kuligusa. Kilichoniokoa ni bilauri. Mkono wake niliuunga kwa supagluu siku nyingi, mtu akaiweka friza na maji, ilipotolewa mkono ukabaki kwenye barafu. Supagluu ikipata baridi kali inakuwa kavu kama biskuti.

Friji yangu haigandishi hata maji ya kunywa. Jirani ana friza kubwa, anauza barafu za ubuyu na samaki. Nikaenda na lori ndani ya mfuko wa nailoni.

"Jirani, naomba unilazie hili."

Akalitazama, akanitazama. "Limeleta samaki?"

Usiku wa kwanza umeme ukakatika, asubuhi nikarudishiwa lori lenye jasho. Usiku wa pili likaganda barabara. Nikalifanyia kazi palepale barazani kwake: wembe kwenye ufa, unausukuma taratibu, halafu unausokota kidogo tu. Tak! Shoo ikatoka. Tak! Bampa. Matangi ya mafuta, madigadi, eksozi. Una kama dakika tano kabla joto la Mbagala halijairudishia gundi ubishi, hapo unalirudisha friza unakunywa chai. Nililirudisha mara nne. Watoto waliokuja kununua barafu wakawa wanashangilia kila mlio.

Sehemu nilizounga kwa gundi yenyewe ya plastiki hazikutikisika, na hazitatikisika hata ukilipeleka kilele cha Kilimanjaro. Gundi ile inayeyusha pande mbili zikawa kitu kimoja. Kuzitofautisha ni rahisi: supagluu huacha ukungu mweupe pembeni, hasa kwenye vioo. Kabini ilikuwa imeshikwa kwa gundi halisi sehemu mbili, hapo nikatumia mshipi mwembamba wa kuvulia, ninao tangu enzi za kwenda Feri. Unaupitisha kwenye mstari wa kiungo, unavuta huku na huku kama msumeno, polepole usipate moto. Vidole vilinichanika. Chesisi niliiacha ilivyo, sina ugomvi nayo.

Vioo nilivisukuma kutoka ndani kwa kijiti cha mshikaki. Vitoe vyote kabla ya kuondoa rangi, visije vikaharibika. Rangi yenyewe niliilowesha kwenye oili ya breki, DOT 3, chupa moja ya elfu saba au nane hivi, ndani ya ndoo ya mfuniko, glavu mikononi. Baada ya siku mbili ile nyekundu ilitoka kwa mswaki ikiwa imejikunja kama ganda la nyanya, na mistari ya milango nikaiona tena. Tone moja liliangukia tangi la pikipiki yangu na rangi ya pale nayo ikavimba, hilo ni deni lingine. Osha kwa sabuni ya unga, mara mbili.

Kupuliza bluu hakukuwa na hadithi. Kibawa chenye dole gumba nimekirudisha kikiangalia ukutani.

Kilichonisumbua ni kioo cha pembeni cha kushoto, sikukiona popote, nikachonga kingine kwa kadi ya simu iliyokwisha. Wiki mbili baadaye jirani akanigongea, mkononi kashika kibua kilichoganda. Kioo changu kilikuwa kimenata ubavuni.

"Baba, spea yako hii," akasema. "Samaki je, unanunua au nimbandue?"

Nikanunua.