Siku moja maishani mwangu: fundi bomba na hela ya kuja kuangalia

Saa 12 asubuhi. Simu ya kwanza inatoka Kimara. Bili ya maji imepanda na mwenye nyumba haoni panapovuja. "Fundi, si unakuja kuangalia tu? Kuangalia nako ni hela?" Namjibu kwamba kuja ni shilingi 10,000, na akinipa kazi naikata kwenye ufundi. Ananyamaza kidogo, kisha anasema haya, njoo.

Saa 1:30. Daladala kutoka Tabata mpaka Ubungo, mwendokasi mpaka Kimara, halafu bodaboda kuingia ndani.

Saa 3. Nafunga koki zote za nyumba na kuisimamia mita. Bado inazunguka. Nafunga valvu inayopeleka maji kwenye simtanki, mita inasimama tuli. Napanda juu: boya limechoka, halifungi maji tanki likijaa, na bomba la kufurikia limeelekezwa moja kwa moja kwenye chemba. Ndiyo maana hakuna aliyeona hata tone.

"Mama, ni boya tu. Hakuna cha kupasua sakafu."

Kubadilisha boya ni kazi ya dakika chache. Kilichonipa kazi ni kulitafuta tatizo. Fundi aliyekuja bure, nauli imemtoka mfukoni na asubuhi imekwisha, ana kila sababu ya kusema bomba lote libadilishwe. Hili ndilo linaloniuma katika ufundi wetu. Hela ya kuja inaniwezesha kumwambia mteja kwamba tatizo ni dogo, wala nisipate hasara.

Saa 6. Kijana wa Segerea ananitumia video ya koki ya sinki inayodondosha. Namtajia bei hapo hapo. Video inatosha, kumdai hela ya kuangalia kwa hilo ni kumkamua.

Saa 8. Kinyerezi, nyumba mpya, haijapigwa plasta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu."

Anataka makadirio ya mabomba ya nyumba nzima. Kuizungukia na kumpa bei ya kukisia ni bure, maana hii kazi naitaka. Orodha ya vifaa ni jambo lingine: bomba za plastiki za PPR za nusu inchi na robo tatu, elbo, tii, valvu, kila kitu na idadi yake. Hiyo nailipisha. Mteja anaweza kuichukua mpaka kwa fundi mwingine, naye akataja bei ya chini kwa sababu hakupoteza mchana kupima.

"Wenzako wamekuja bure," anasema, na kunionyesha karatasi ya mmoja wao. Ina jumla tu, hakuna hata saizi ya bomba. Namwomba amuulize aliyeiandika hiyo jumla imetokana na nini. Anasema atafikiri.

Saa 11. Kijiweni, nje ya duka la vifaa. Kijana anayeanza kazi analalamika kwamba akitaja hela ya kuja, mteja anakata simu. Ni kweli. Kwa ambaye bado hana jina, namshauri aende bure pale anapofika kwa miguu. Akipanda gari adai, la sivyo nauli za wasiompa kazi atazipachika kwenye bei ya wanaompa, na hao hawajamkosea kitu.

Saa 2 usiku. Mzee wa Kinyerezi hajapiga. Kesho naanzia Segerea, kwenye ile koki.