Pampu iliyolala miezi tisa

Mafinga, Jumapili usiku

Trekta imewaka leo saa kumi kasoro. Nimeoga mara mbili na bado nanuka dizeli, na kwa furaha niliyonayo sidhani kama usingizi utakuja upesi.

Ilikuwa imelala bandani tangu Januari. Ni Massey Ferguson 135 yenye injini ya Perkins ya silinda tatu, aina iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1964. Marehemu baba aliinunua ikiwa tayari imetumika sana, na tangu aondoke ni mama aliyeitunza: kalima shamba letu, kawalimia majirani kwa eka, kavuta tela la mahindi. Mwaka huu bibi aliugua, mama akahamia Ilula kumuuguza. Funguo aliniachia mimi. Miezi tisa sikuiwasha hata siku moja.

Sasa mama amerudi, na mawingu yameanza kujikusanya. Huku kwetu mvua ina msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na aliyechelewa kulima amechelewa mwaka mzima.

Jana asubuhi nilifunga betri iliyochajiwa, nikapiga starta. Injini ilizunguka kwa nguvu, lakini eksozi haikutoa hata moshi. Hapo moyo ulinishuka, maana injini ya dizeli ikipata mafuta ikakataa kuwaka, angalau hutoa moshi mweupe. Nikalegeza nati za mabomba matatu yanayotoka kwenye pampu ya dizeli kwenda kwenye nozeli, zile zinazonyunyizia dizeli ndani ya silinda, nikapiga tena. Pakavu kabisa. Nikawaza kuomba lori la jirani liivute mpaka iwake.

Bahati nzuri fundi alifika kabla ya lori.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene. Shikamoo mama." Alimsalimia mama, akasikia habari ya lori, akatikisa kichwa. "Usivute kitu ambacho hujui kimekwama wapi. Kama rota ya pampu imeganda, utaikata, na hapo utanunua pampu nzima."

Hakuigusa pampu kwanza. Alifungua filta, akakinga yaliyotoka kwenye chupa ya maji ya kunywa, akaiinua juani. Dizeli ilikuwa juu, na chini yake maji meupe yenye chembe za kutu, karibu unene wa kidole.

"Mama, tenki liliachwa nusu?"

Mama hakujibu, alinitazama mimi. Ni kweli, liliachwa nusu. Na anayeijua Mafinga ya Juni na Julai anajua usiku wake. Sehemu tupu ya tenki hujaa hewa, baridi ikiingia bati linatoa jasho kwa ndani, na tone moja moja linashuka chini ya dizeli. Hakuna aliyetia maji. Yalijitengeneza humo humo, mimi nikiwa nimelala.

Tulimwaga mafuta yote, tukaweka filta mpya na dizeli safi, kisha mama akakaa kwenye kigoda akipiga ule mkono mdogo wa pampu ya kuvutia mafuta, fundi akilegeza skrubu za kutolea hewa moja baada ya nyingine mpaka mapovu yakaisha. Bado mabomba yalikuwa makavu. Akafungua kidirisha cha ubavuni mwa pampu, akaniambia nipige starta kidogo. Rota ilizunguka! Sijawahi kufurahia kipande cha chuma namna ile. Maana yake moyo wa pampu ni mzima, na kilichokwama ni ile vali ndogo inayopima kiasi cha dizeli ya kuingia.

Vali hiyo iko chini ya kifuniko cha juu, imeunganishwa kwa springi nyembamba na gavana, kifaa kinachodhibiti kasi ya injini. Fundi alinifanya nipige picha kwa simu kabla hajafungua chochote, kwa sababu springi ikirudishwa kwenye tundu lisilo lake, injini inaweza kupita kasi yake. Kisha akaigusa vali kwa ncha ya kidole. Haikusogea. Nilikuwa tayari nimeshika nyundo ndogo. Alinipokonya bila kusema neno, akamimina dizeli safi juu ya vali, akafunika kwa kitambaa na kwenda zake mpaka leo baada ya ibada.

Leo alianza kuizungusha kwa vidole, kushoto kidogo, kulia kidogo. Baada ya muda mrefu ikaachia. Ilitoka imevaa utando wa kahawia unaonata, kama utomvu wa paini. Hayo ndiyo mabaki ya dizeli iliyozeeka. Nikamletea msasa. Alikataa, na sababu yake imenikaa kichwani: ukigawa milimita moja mara elfu, nafasi kati ya vyuma vya pampu hii ni vipande vichache tu vya hivyo, na unywele mmoja ni mnene kuliko nafasi hiyo mara 20 na zaidi. Msasa ungemaliza kazi ambayo kutu haikumaliza. Alitumia petroli na kitambaa kisichotoa nyuzi, basi.

Pampu hii haina oili yake. Inalainishwa na dizeli ile ile inayopita ndani yake. Ndiyo maana wale waliokuwa wakichanganya dizeli na mafuta ya taa, mpaka serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, walikuwa wanaua pampu za watu. Mafuta ya taa ni membamba, hayalainishi vya kutosha. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mkulima alilipia dizeli akapewa ugonjwa.

Kabla ya kuwasha, fundi alinipa kipande cha ubao nisimame nacho kwenye mdomo wa kuvutia hewa, nizibe iwapo injini ingekimbia. Mama alipanda kitini, mkono kwenye kizimio. Ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, silinda moja ikashika, halafu ya pili. Ya tatu ilichelewa kidogo, mama akainamisha kichwa kuisikiliza, nayo ikaingia. Sikuhitaji ubao.

Jioni nimemimina madumu yote mawili niliyoyaweka kwa ajili ya kulimia. Mama alinimulikia tochi mpaka dizeli ilipofika shingoni mwa tenki.