The Testaments: nimeipenda, lakini lile gari jeusi wangeliacha

Jamani nimemaliza The Testaments na roho yangu bado inavutana (kama hujasoma ishia hapa, nitamwaga kila kitu). Walioisoma The Handmaid's Tale ya Margaret Atwood, ile ya 1985, wanakumbuka inavyoisha, msimulizi Offred anapandishwa gari jeusi na hajui anaenda kuokolewa au kuuawa, na sisi hatujui, basi. Ule mwisho niliupenda mno. Gilead, nchi ya kubuni ya humo kitabuni, ni nchi ambayo mtu anapotea na hakuna wa kumuulizia, kwahiyo msomaji kubaki na wasiwasi vile ndo ilikuwa sawa kabisa.

2019 ukaja mwendelezo, ndo hii The Testaments, stori inaanza kama miaka 15 baadaye, na wasimulizi ni watatu: Shangazi Lydia, Agnes na Daisy.

Aisee, Shangazi Lydia, yule mama anayewasimamia wanawake wa Gilead! Kumbe alikuwa jaji kabla ya mapinduzi yaliyoleta Gilead. Wakamkamata, wakawarundika wanawake kwenye uwanja wa michezo, wanalala palepale kwenye viti vya mashabiki, njaa, vyoo vimeziba, na chini uwanjani wenzao wanapigwa risasi wao wakitazama. Halafu akafungiwa peke yake gizani, akapigwa, kisha ghafla akapelekwa hotelini akaoga akala vizuri, na baada ya hapo ndo yeye pia akapewa bunduki apige risasi wenzake. Nilisoma hizo kurasa mara mbili mfululizo maana zinaonesha mtu anavyovunjwa mpaka akubali, na bado huyohuyo uzeeni anaandika siri zote za wakubwa wa Gilead maktaba na kuficha karatasi ndani ya kitabu kingine.

Agnes naye, kuanza kujifunza kusoma akiwa binti mkubwa kwa sababu wasichana walikatazwa, pale nilishikwa.

Ila Daisy wa Toronto hapana. Sura zake zinakimbia kama muvi ya ujasusi, siri zimefichwa kwenye tatuu mkononi, mara boti, mara kukimbizwa, binti wa miaka 16 anaingia Gilead na kutoka, wakati Gilead niliyoijua mimi ilikuwa inanibana kifua. Hofu yote ikapungua. Na mwisho mabinti, Agnes na Daisy, wanakutana na mama yao, jina hatajwi lakini unajua ni Offred yule wa gari jeusi, nikalia sana kwa furaha na papo hapo nikaumia kwamba sasa nimeshajua.

Tuzo ya vitabu ya Booker ya mwaka ule Atwood aligawana na mwandishi Bernardine Evaristo, na kwangu Lydia peke yake anaitosha hiyo tuzo. Ningependa kitabu kizima kiwe chake. Nyie mliompenda Daisy hebu niambieni mlimpendea nini, nataka kuelewa kweli.