Rufaa Siyo Zuio

Dalali wa mahakama alifika kwetu Newala Ijumaa ya Julai 27, 2018, mikorosho imechanua na majani bado yana unga wa salfa. Hakuja kwa fujo. Alimwamkia baba shikamoo, akamkabidhi karatasi, kisha kijana aliyeongozana naye akachovya brashi kwenye kopo la rangi na kuchora X nyekundu kati ya mlango na dirisha. Rangi ikachuruzika hadi barazani. Tulipewa siku 14 tuwe tumetoka shambani. Tusipotoka tutatolewa, na nyumba itavunjwa.

Baba alicheka. Aliingia ndani akatoka na nakala ya rufaa yetu yenye muhuri wa Mahakama Kuu Mtwara, akampa kwa mkono wa mtu aliyeshika karata ya mwisho. Dalali akaisoma yote, akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Mzee wangu, hii ni rufaa. Mimi nina amri. Niletee zuio."

Hilo neno ndipo nilipolisikia kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tumeshindwa kwenye baraza la ardhi na nyumba, tukawahi kukata rufaa ndani ya siku 45, na aliyetuandikia alituhakikishia kwamba rufaa ikishapokelewa kila kitu kinasimama. Tukamlipa, tukaenda kulala. Miezi miwili tulipalilia shamba kwa amani ambayo haikuwepo.

Jumatatu mimi na baba tukapanda basi. Newala hadi Mnivata ilikuwa vumbi tupu. Tulishuka Mtwara nyusi zimegeuka nyekundu. Mjomba, anayeishi Chikongola, alitupeleka kwa wakili mmoja mwanamke, mpole, asiyependa hadithi ndefu. Baba akaanza tangu babu alipofyeka lile pori. Wakili akamsikiliza kidogo, akaweka kalamu chini.

"Baba, hayo ya kuonewa yatunze, ni ya rufaa. Leo tunaomba jambo moja tu: wangoje."

Akatueleza kwamba sheria yenyewe, Amri ya 39 kanuni ya 5 katika Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, inasema wazi kwamba kukata rufaa peke yake hakuzuii hukumu kutekelezwa. Aliyeshinda ana haki ya kuchukua alichoshinda. Mahakama inaweza kumsimamisha, na hilo ndilo zuio, lakini mwombaji aonyeshe kwamba atapata hasara kubwa, awe hakuchelewa kuomba, na atoe dhamana kwamba akishindwa kwenye rufaa atatii. Halafu akaongeza neno lililonikosesha usingizi usiku ule: wakishavunja, hakuna cha kusimamisha. Jaji hazuii jambo lililokwisha tendeka.

Tukaapa hati ya kiapo, ikaambatanishwa na hati ya dharura, ya kuomba tusikilizwe haraka. Hapo kwenye hasara baba alitaka iandikwe nyumba. Wakili akakataa, nyumba ni matofali, hujengwa tena kwa pesa. Akauliza aliyetushinda analitakia nini shamba. Tukamwambia anataka kulikata viwanja auze. "Na mikorosho?" Ataing'oa. "Basi tuandike mikorosho," akasema, na kaburi la bibi lililo chini ya mmoja wao.

Tukaitwa Agosti 7. Nilidhani patakuwa na mabishano ya saa nzima. Upande wa pili walisema tunachelewesha haki yao, na kusema kweli hoja haikuwa ya kijinga. Wapo wanaokata rufaa ili wavune msimu mmoja zaidi. Jaji akamgeukia baba, akamuuliza swali moja.

"Mkorosho ukikatwa, unachukua muda gani kuzaa tena?"

"Ukipanda mpya, mwaka wa tatu unaanza kuonyesha, mheshimiwa. Kuzaa kwenyewe bado. Hii yangu niliipanda alipozaliwa huyu." Akaninyooshea kidole. Nilikuwa na miaka 31.

Zuio likatolewa hadi rufaa isikilizwe, kwa sharti la dhamana. Mjomba akaweka nyumba yake. Alisaini akiwa amesimama, hata miwani hakuvaa. Baba akataka kumshukuru. "Shemeji, acha," mjomba akamkatiza. "Hawa watoto ni wangu."

Kesho yake ni Nane Nane, ofisi zote zimefungwa, watu wako Ngongo, kule Lindi, kwenye maonesho ya wakulima. Sisi tulikaa Chikongola tunahesabu saa. Nakala yenye muhuri tuliipata Alhamisi mchana, tukafika Newala usiku.

Ijumaa saa tatu asubuhi dalali akaja na vijana sita wenye sululu. Baba akampa karatasi bila kucheka. Akasoma, akasaini nyuma kwamba ameipokea, akaomba maji ya kunywa. Vijana walikaa kivulini kidogo, wakaondoka.

Korosho tulivuna. Ndio msimu ule wakulima walipozikataa bei za mnada, serikali ikasema itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, nasi tukaingia kwenye foleni nyingine ya kungoja. Rufaa nayo ilipofika zamu yake haikugusa mipaka wala babu: maoni ya wazee wa baraza, wale wanaomshauri mwenyekiti, hayakuwa yamesomwa mbele ya wadaawa, yaani sisi na wenzetu wa upande wa pili, hukumu ikafutwa, kesi ianze upya.

Nilinunua chokaa nifute ile X. Baba akanizuia kwa fimbo.

"Wameambiwa wangoje. Nani kakwambia wameambiwa wamekosea?"

Chokaa ikaenda kwenye kaburi la bibi.