Baridi ya Uyole na volti za sola: nilivyochagua paneli na inveta

Paneli ya sola hupimwa kiwandani ikiwa na joto la nyuzi 25. Ikipata joto zaidi ya hapo, wati zinapungua. Juu ya bati la Dar es Salaam mchana paneli inafika nyuzi 60 na zaidi, wakati huku kwetu Uyole, Mbeya, upepo unaipoza, kwa hiyo baridi yetu ni faida. Lakini baridi hiyo hiyo inapandisha volti, na volti zikivuka kiwango cha inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri kuwa wa nyumbani, inveta inaweza kuungua. Jambo hili ndilo lililoongoza manunuzi yangu yote, na naliandika kwa kirefu kwa sababu madukani tunauziwa vifurushi vilevile wanavyouziwa watu wa Pwani.

Kilichonisukuma ni maziwa. Tunafuga, na maziwa ya jioni yanalala kwenye friza mpaka wateja wa asubuhi waje. Kipindi cha mgao, mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla Bwawa la Julius Nyerere halijaanza kuingiza umeme kwenye gridi, maziwa yalikuwa yanachacha tunayaona. Umeme ukatengemaa baadaye, ila mvua na radi za Mbeya hazijaacha kuukata, na friza haijui kama ni mgao au ni nguzo imeanguka.

Kabla ya kwenda dukani nilikaa na mume wangu tukaandika matumizi kwa yuniti, zilezile za LUKU. Friza yuniti 1.5 kwa siku. Pampu ya kupandisha maji kwenye tanki 0.5. Taa 0.4, tivii 0.4, king'amuzi, intaneti na simu 0.4. Kisha kuna mlaji ambaye watu wengi hawamhesabu: inveta yenyewe. Inveta ya kilowati 5 inakula wati 50 hivi hata kama hakuna kilichowashwa, na kwa saa 24 hiyo ni yuniti 1.2, karibu sawa na friza. Jumla ikawa yuniti 4.4 kwa siku. Kupikia hatukuweka. Jiko la gesi linabaki palepale.

Kilichobana ni paa. Sisi tuko kusini mwa ikweta, nyuzi 9 hivi, kwa hiyo upande mzuri wa kulaza paneli ni ule unaotazama kaskazini. Upande huo wa nyumba yetu ni mfupi, na nusu yake inafunikwa na kivuli cha mparachichi kuanzia saa 9 alasiri. Kivuli ni adui mkubwa. Paneli zikiwa zimeungwa mnyororo mmoja, moja ikifunikwa inaweza kuzivuta chini na nyingine. Mparachichi unazaa vizuri, sikutaka uguswe. Ikabaki sehemu wazi ya mita tatu na nusu kwa tano, nafasi ya paneli 6, tatu juu na tatu chini.

Hapo ndipo suala la ufanisi likawa na maana kwangu. Ufanisi wa paneli ni kiasi cha mwanga inachogeuza kuwa umeme kwa kila mita ya mraba. Mwenye paa kubwa hana haja ya kulipia ufanisi wa juu, kwa sababu wati 500 ni wati 500 hata zikitoka kwenye paneli kubwa zaidi. Aongeze tu paneli moja ya bei nafuu. Mwenye paa dogo hana njia nyingine. Paneli za zamani za rangi ya bluu, za wati 330, zingenipa wati 1,980 kwenye nafasi zile sita. Paneli mpya nyeusi za aina ya N, za wati 580, zinanipa 3,480. Siku ya ukungu nilihesabu saa 2 tu za jua kamili, nikatoa robo kwa ajili ya upotevu wa waya, vumbi na betri. Za bluu: yuniti 3, hazitoshi. Nyeusi: yuniti 5 na ushee. Nikaamua.

Ufanisi unaupata mwenyewe kwa futi ya fundi. Pima urefu na upana, zidisha upate mita za mraba, kisha gawanya wati kwa eneo hilo mara 1,000. Paneli niliyochagua ina mita 2.278 kwa 1.134, yaani eneo la 2.58, na 580 ukigawanya kwa 2,580 unapata asilimia 22 na nusu. Inaaminika. Katika duka moja Mwanjelwa nilionyeshwa paneli iliyobandikwa "500W", nikaipima ikawa na mita za mraba 1.9 tu. Hiyo ni asilimia 26, wakati paneli bora kabisa za nyumbani zinaishia kwenye 24 au 25. Nikamrudishia muuzaji, nikamshukuru, nikatoka. Nawaombeni sana, msione aibu kupima mbele ya muuzaji. Hela ni yenu.

Sasa inveta. Duka jingine walinipa kifurushi cha paneli za wati 330 zilizoungwa sirizi (moja nyuma ya nyingine, volti zikijumlishwa) tatu tatu, na inveta ambayo mwisho wake ni volti 145.

"Mama, hizi zinafungwa Dar kila siku, hazina shida."

"Naamini, kaka. Naomba nisome mgongo wa paneli."

Mgongoni kuna lebo, na namba ya kutafuta ni ile iliyoandikwa Voc, yaani volti za paneli ikiwa haijaungwa na kitu. Ilikuwa 46. Tatu zikiungwa sirizi zinafika 138, na mtu akiishia hapo ataona ziko chini ya 145. Lakini chini yake kuna mstari mwingine: volti zinapanda asilimia 0.31 kwa kila nyuzi moja ya baridi chini ya 25. Asubuhi ya Julai nyuzi zikishuka hadi 5, hizo ni nyuzi 20, yaani asilimia 6.2, na 138 inakuwa 146.5. Inveta imeshavuka mpaka wake. Dar hawatafika huko hata siku moja, kwa hiyo yule kaka alisema kweli yake. Nilimfanyia hesabu hiyo kwenye karatasi ya risiti, akaikunja na kuiweka mfukoni.

Nilichukua inveta ya haibridi (inatumia paneli, betri na umeme wa TANESCO), kilowati 5, ya wimbi safi (umeme wake unafanana na wa TANESCO) kwa sababu ya mota za friza na pampu, yenye betri ya volti 48 na mwisho wa volti 500 upande wa paneli. Paneli zangu zina Voc ya 51.5, na zinapanda asilimia 0.25 kwa nyuzi. Sita sirizi ni 309. Kwenye nyuzi 5 zinakuwa 324. Nafasi ni kubwa. Angalia na upande wa chini pia. Inveta ya namna hii haiamki mpaka ipate volti 120, na paneli mbili zikifanya kazi hazitoi hata 90. Anayepanga kuanza na paneli mbili aongeze pole pole, inveta hii itakaa tu ukutani. Ampia nazo: paneli hizi kubwa zinatoa karibu 14, kwa hiyo nilikataa inveta inayopokea 13.

Betri ni ya lithiamu ya chuma na fosfeti, volti 51.2 (ndizo zinazoitwa 48 madukani), ampia-saa 100, sawa na yuniti 5. Nilitaka iongee na inveta kwa waya wa mawasiliano, na fundi aliijaribu dukani kabla sijalipa: alichagua aina ya betri kwenye menyu ya inveta, kioo kikaonyesha asilimia ileile iliyoonyeshwa na betri. Kama haziongei, inveta inakisia, na betri ya lithiamu haitaki kukisiwa.

Siku ya kufunga, fundi aliziba kila tundu la skrubu juu ya papi kwa mpira na silikoni. Alichimbia nondo ya ethi pale ambapo udongo haukauki, karibu na bomba la kunyweshea, akaweka kinga ya radi na breka za umeme wa paneli, ambazo si zile za umeme wa kawaida wa nyumbani. Kesho yake alirudi alfajiri, nyasi zikiwa na umande mweupe, akashika mita kwenye ncha mbili za waya kabla hajaziunga.

"Mama, njoo usome mwenyewe." Volti 314, na jua ndiyo kwanza linachomoza.

Friza haijazimika tena. Wakati wa kiangazi vumbi linaganda juu ya vioo, tunaviosha kwa maji matupu asubuhi, kabla havijapata moto.

Shemeji yangu wa Makete amepata paa refu na anataka paneli 9 za aina hiyohiyo kwenye inveta kama yangu, zote sirizi. Tulikaa naye tukapiga hesabu kwa nyuzi 0, kwa sababu kwao barafu ya alfajiri inaonekana kwenye mashamba ya viazi. Tisa zinafika volti 492, na mwisho ni 500; nafasi inayobaki ni ndogo mno. Nane zinafika 438. Ameagiza nane.